Saumu ya Mfunguo Tatu

Watu wa Makorora walisema mama yangu alikufa kwa uzee. Sikubishana nao. Mama alikufa kwa kiu, na mtungi ulikuwa hatua chache tu kutoka kitandani pake.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeshaachika, nimerudi nyumbani kumtunza, na kaka yangu akifanya kazi bandarini. Akili za mama zilikuwa zikipotea kidogo kidogo. Kwanza alisahau majina yetu, kisha akasahau kwamba baba amekufa, akawa anamwekea chakula. Hayo tuliyazoea. Kilichotushinda ni saumu. Ulikuwa mwezi wa Mfunguo Tatu, Ramadhani imetupa kisogo zamani, naye kila nikimpelekea uji asubuhi anaufunika kwa kawa.

"Mwanangu, huoni haya? Nimefunga."

Jua likichwa amekwishalala, au amesahau kwamba alikuwa akingoja kufuturu. Tukamwita mwalimu wa chuo cha Kurani amweleze kuwa mgonjwa hafungi. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza, "Mgonjwa nani?"

Midomo ikaanza kumpasuka. Ndipo kaka alipobuni hila yake. Adhuhuri alifunga madirisha, mimi nikawasha taa, naye akasimama chumba cha pili, vidole masikioni, akaadhini magharibi. Mama akanyanyuka mwenyewe. Akala tende, akanywa maji vikombe viwili, akatuombea dua. Nilicheka hadi nikalia. Tukafanya vivyo hivyo kesho yake, na siku zilizofuata, na uso wake ukaanza kurudi.

Siku moja alipokwisha kufuturu akataka kwenda uani kutawadha. Nilichelewa kumzuia. Akafungua mlango, jua la mchana likampiga usoni.

Akatugeukia. "Mwanifuturisha mchana," akasema. Hakupaza sauti. "Mwataka nende kwa Mola na deni la saumu?"

Mtu aliyesahau majina ya watoto wake, hilo hakulisahau. Tangu siku ile hakuamini taa wala adhana, hata ile ya kweli ya msikitini. Nilimkasirikia sana. Baadaye hata hasira ikaniisha, nikawa nafanya kazi tu: nachota maji, napeleka, narudisha.

Mwisho tulimbeba na kitanda chake mpaka barazani, alitazame jua mwenyewe. Alilitazama likizama nyuma ya minazi mpaka likaisha.

"Sasa ndiyo," akasema, akafungua kinywa.

Nikamtia maji. Yakakaa kinywani, kisha yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakamlowesha shingo. Nikamtia tena. Koo lilikuwa limesahau kumeza. Kaka akamsomea shahada, na kabla ya isha mama akakata roho.

Matangani wanawake walikaa mkekani wakimsifu. "Heri yake," akasema jirani mmoja, "kafa na saumu yake." Wote wakaitikia amin. Na mimi niliitikia. Sikuwa na uchungu wala chozi, kifua kilikuwa kama gogo.

Kikombe chake kilikuwa bado juu ya mtungi, kimebaki na maji ya jioni ile. Nikakichukua, nikayanywa yale maji mchana kweupe, mbele yao wote.