Mia na Kumi kwa Sabini

Miaka kumi na saba Mama Deki alipiga deki kliniki ya wajawazito, na kila mwezi aliona muujiza uleule: upande wa bure wanawake wote walikuwa na presha moja. Upande wa kulipia zilikuwepo mashine tatu za kupimia, moja ikila vumbi mezani. Upande wa bure iliyokuwepo ilishakufa zamani, na maombi ya nyingine hayakujibiwa. Basi nesi alichukua kadi, akaangalia namba ya mwezi uliopita, akainakili. Mia na kumi kwa sabini. Anayefuata! Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hawa walinyongwa, na haki ikabaki ng'ambo ya korido. Mama Deki alikereka, ila mfagizi ni nani hata aulize? Alikamua tambara lake akaendelea kupiga deki.

Asubuhi moja akamkuta kitindamimba wake kwenye foleni ile, mimba ya miezi minane, miguu imevimba mpaka amevaa kandambili za mumewe.

"Mama, kichwa kinaniuma tangu juzi. Naona vimulimuli."

"Umemwambia nesi?"

"Kasema niko sawa. Ona kadi."

Mia na kumi kwa sabini.

Uvumilivu ukamwisha. Alisukuma ndoo hadi upande wa kulipia, akaitia ndani ile mashine iliyokuwa ikila vumbi, akaifunika kwa matambara makavu, akarudi nayo mchana kweupe.

"Mama Deki, unanitafutia balaa," nesi alisema.

"Balaa limekaa hapo kwenye benchi. Mfunge mkono umpime!"

Mia na themanini kwa mia na ishirini. Nesi alitoka mbio kumwita daktari. Binti akachomwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, akapelekwa kupasuliwa, na kabla ya jua kuzama Mama Deki alikuwa bibi wa katoto kadogo kenye kelele nyingi.

Wiki iliyofuata akapewa barua: onyo kali, kwa kuhamisha kifaa bila idhini. Kwa zile namba za uongo hakuandikiwa mtu barua. Mashine ilisharudishwa kula vumbi.

Aliikunja barua, akashika fagio, akaenda kusimama mbele ya foleni.

"Wanangu, hapa kadi huandikwa bila kupimwa. Asiyefungwa mkono asikubali kuandikiwa!"

"Anayefuata!" nesi aliita.

Wa kwanza aliibana kadi yake kwapani, akabaki amekaa. Na wa pili. Na wa tatu.