Bustani ya Vichaka Kule Mwera

Iko asubuhi moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo na uzee huu: asubuhi ile wanaume wa kitongoji chetu walipokuja na mapanga kuikata bustani yangu. Nilikuwa mke mchanga, sina hata mtoto wa kumbeba. Nilisimama mlangoni nimejifunga kanga kiunoni, nikiwaza nimshike mkono yupi kwanza.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, usije ukanipotea njiani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, huko Mwera upande wa Pangani. Mume wangu Athumani alikuwa fundi wa mashine ya kusinga mkonge, na jumbe alitupatia kiwanja pembezoni mwa shamba la mkonge lililokwisha kuchoka na kuachwa. Mimi ni mtu wa Bonde, vijiji vya juu ya Muheza, kwenye miti na vijito. Kwetu hatukuamshwa na jogoo peke yake; kulikuwa na shore, kurumbiza, ninga, kila ndege na kelele zake. Hapo Mwera nilifungua dirisha asubuhi ya kwanza nikasikia upepo tu. Udongo mwekundu na visiki vya mkonge, basi. Athumani akienda kazini, mimi nabaki na kimya kile mchana kutwa. Usicheke. Kimya kinaweza kumkondesha mtu.

Nikaanza na maua. Mke wa mpishi wa meneja wa mkonge alinipa vipando vya maua ya kizungu, nikavipanda mstari mstari na kuvimwagilia maji niliyoyabeba kichwani kutoka kisimani. Vilichanua, vikapendeza, na wapita njia wakasifu. Ndege hawakuja. Hata nyuki walipita juu yake kama wapitavyo juu ya paa la bati. Sikujua sababu, mpaka nilipokwenda kuokota kuni mtoni nikaona kichaka cha mkwamba kimejaa vitunda vyeupe, na shore wanagombana humo hadi matawi yanacheza. Nikatua mzigo wangu, nikakaa chini kutazama. Kumbe wageni niliokuwa nikiwangoja wana chakula chao wanachokijua tangu babu zao, nami nawaandalia nisichowauliza.

Tangu hapo kila nikienda kuni nilirudi na kitu. Miche ya mkwamba na ya mfudu. Tawi nene la mkuyu, ambalo ukilichomeka ardhini wakati wa masika hushika lenyewe. Mishubiri ya porini yenye maua mekundu, ambayo chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo wa kupinda, huyanyonya kutwa nzima. Majani yaliyoanguka nikayaacha yaoze pale pale. Nikafukia chungu kilichovunjika mdomo, nikakijaza maji, nikaweka jiwe katikati ili mdudu akitumbukia apate pa kupandia. Athumani alinitazama akasema, "Wenzio wafyeka pori wapate uwanja, weye una uwanja wataka pori." Lakini siku yake ya mapumziko alinichimbia mashimo, maskini ya Mungu.

Haikuwa upesi. Walitangulia vipepeo na vinyonga. Mvua zilizofuata wakaja chozi, kisha tetere wakajenga kwenye mkuyu ungali mdogo hata kivuli hauna. Mwishowe asubuhi moja nikamkuta kobe chini ya mfudu, anatafuna tunda lililoanguka, hana haraka na mtu. Alitoka wapi, sijui. Nilimwita Athumani kwa ukelele hata akatoka na shoka akidhani tumeingiliwa na mwizi.

Sasa jirani zetu walikuwa Hatibu seremala, mkewe Zaina, na binti yao mdogo Mwanasha. Mkwamba wangu ulikua mpaka ukaulalia ua wao wa makuti. Na watu wa pwani unawajua: uwanja wa nyumba hufagiwa hadi udongo ung'ae, jani likibaki ni aibu ya mwanamke. Zaina aliniambia zaidi ya mara moja, "Bibi weye, pori lako laingia kwangu." Nami nikamjibu, "Si pori, ni bustani," nikaenda zangu.

Mwanasha akaumwa na nyoka mguuni, pale pale karibu na ua.

Athumani ndiye aliyempakia kwenye baiskeli kumkimbiza dispensari, Hatibu anakimbia nyuma huku ameshika mgongo wa mtoto asianguke. Alinusurika, alhamdulillahi. Lakini mguu ulivimba, ukafanya kidonda kibaya kifundoni, na mtoto akarudi nyumbani hawezi kuukanyagia. Kitongoji kizima kikasema nyoka ametoka kwangu. Huenda. Huenda pia alitoka kwenye rundo la makumbi ya nazi lililokuwa nyuma ya jiko la Zaina. Nani alimfuata nyoka akamuuliza? Jumbe akakata shauri: bustani ikatwe yote, kisha itiwe moto.

Ndiyo asubuhi ile niliyokuambia.

Jana yake alikuwa amefika mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, kutoka Ushongo. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, nami nilimwogopa kuliko jumbe. Nilimkuta jikoni anakoleza moto.

"Shikamoo, mama. Wamekuja. Nakuomba uwaambie waniachie."

"Marahaba. Mtoto wa Zaina umekwenda kumtazama?"

Sikuwa nimekwenda. Nilikuwa nimeona haya, tena niliogopa kutukanwa, basi siku zote hizo nilijifungia ndani.

Akasukuma ukuni ndani ya moto. "Ndege umewakaribisha. Vinyonga umewakaribisha. Hata kobe ana pake pa kulala. Jirani yako je, mkaza mwanangu? Huyo naye si kiumbe wa Mungu, ataka kulala bila hofu?"

Akajitanda ukaya wake, akatoka nje, nami nyuma yake.

"Bwana Jumbe," akasema, "nakuomba panga moja." Akapewa, akanitia mimi mkononi. "Kata mwenyewe. Anzia ua wa Zaina, uje huku, mpaka nitakaposema basi." Kisha akawageukia wanaume. "Vilivyobaki nyuma viko mbali na milango ya watu. Viacheni. Akikosea tena mtakuja kukata, na kiberiti nitashika mimi."

Jumbe alikuna kidevu, akatazama mapanga ya watu wake, akakaa juu ya kisiki. Wengine nao wakakaa.

Nikakata. Mwanangu, ule mkwamba niliuleta ungali kama kidole. Ndani yake mlikuwa na kiota cha shore. Makinda walikwisha kuruka, nashukuru, ila nilikikata nikilia na watu wananitazama. Mama mkwe hakusema basi mpaka kulipokuwa na uwazi mpana kati yetu na jirani, udongo mtupu, wa kufagia. Na nilipoinua uso nilimwona Hatibu upande wa pili. Alikuwa ameshika reki, anaondoa makumbi yake nyuma ya jiko.

Siku ile ile nilipeleka uji kwa Zaina. Alipokea bakuli, akafunga mlango. Kesho yake nikapeleka tena. Baada ya siku kadhaa aliniruhusu niingie nimsaidie kuosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na Mwanasha, ili asahau maumivu, akaniuliza kama ni kweli nina kobe. Nikamwambia ni kweli. Akataka kumwona. Mamake akakataa, mtoto akalia, mwishowe nikambeba mgongoni, Zaina akitufuata na fimbo ya kupigia nyoka.

Tulimweka kwenye mkeka. Kobe akatoka chini ya majani, akampita mtoto kama hamwoni, akashika njia yake kuelekea kwenye chungu cha maji. Mwanasha alimfuata kwa makalio. Halafu kwa magoti. Kesho yake akaomba kurudi, na siku nyingine, na siku moja akainuka akishikilia shina la mfudu, akakanyaga ule mguu, akakunja uso, akakanyaga tena. Kobe hamwachi mtu nyuma sana. Kila mtoto aliposimama kupumua, alimkuta bado yupo hapo mbele. Mtoto yule alijifunza upya kutembea kwenye bustani yangu, mwanangu, polepole, nyuma ya mnyama yule, na Zaina amekaa chini ya mkuyu, fimbo imelala mapajani.

Siku Mwanasha alipofika kwenye chungu bila kushika kitu, Zaina alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Vichaka vyako mie sivipendi," akaniambia. "Lakini huyo kobe asiguswe na mtu."

Ndiyo niliyokuitia haya. Nimesikia umepata kiwanja na unataka kukimwagia saruji chote, pasiote kitu. Pawe na uwanja mweupe mbele ya mlango, sikukatazi. Mama mkwe wangu alinifunza hilo kwa panga. Lakini ng'ambo ya uwanja waachie wengine nafasi yao. Panda miti iliyozaliwa kwenye udongo huo, hata kama haina sifa mjini, kwa kuwa ndiyo ndege wanayoijua. Weka maji mahali pa kufikiwa na kiumbe mdogo. Usichome majani. Usimwue kinyonga kwa sababu umeambiwa ni mkosi. Na kabla hujachimba shimo la kwanza nenda ukabishe hodi kwa jirani, umwambie unachotaka kufanya, umsikilize, ujue ukomee wapi. Anayetaka kuishi na viumbe vya porini aanze na wanaolala nyuma ya ukuta wake.

Nakuombea, mwanangu, mvua zikukute umekwisha kupanda. Mola aibariki ardhi utakayoishika, aijaze sauti asubuhi, na kila atakayepita karibu na nyumba yako, wa miguu au wa mbawa, apite salama. Amin.