Bidoni ya Munkoyo Katika Meli Kubwa

Minye, yaani mimi, nyanya wa Panda kule Likasi, nimezika bwana, nimelea watoto saba, kanisani nakaa benchi ya mbele, lakini aibu niliyoipata juu ya mto Kongo sijaipata tena popote, na heri niieleze mwenyewe kabla mjukuu wangu Odile hajaitia chumvi.

Odile alikuwa anaolewa Mbandaka. Kwa ukoo wetu, wakwe wapya lazima wanywe munkoyo ya nyanya wa bibi arusi, la sivyo mutoto anaingia kule kama muntu wa kuokotwa. Basi nikapika uji wa mahindi, nikatia mizizi ya kuichachua, nikajaza bidoni ya plastiki, nikaifunga kitenge, tukapanda ndeke mpaka Kinshasa, na pale tukakuta bwana arusi ametulipia meli ya watalii, kabine yenye shuka nyeupe, jamani, mpaka niliogopa kukalia.

Siku ya pili Odile akakunja pua. “Kambo,” ndivyo anavyoita nyanya, “inanuka.”

Nikakaza kifuniko. (Kila mwanamke wa Likasi anajua munkoyo ikichacha inataka kupumua, na kule mtoni joto si la kwetu. Nilijua. Nilikaza.) Tena, kwa kuwa siwaamini watu wa kufagia kabine, saa ya kula nikaibeba mpaka mezani, nikaiweka chini ya miguu.

Kapiteni, mwana wa Kisangani, nguo nyeupe pee, akaja kutusalimia kwa Kiswahili. Hajamaliza kuuliza habari za Katanga, bidoni ikapasuka. Wazungu wakaingia chini ya meza. Kapiteni akabaki wima, chenga za mahindi kwenye nyusi.

“Hii ni ya nani?”

Na minye, mama wa benchi ya mbele, nikajibu, “Haiko yangu.”

Akaangalia bidoni, akaniangalia: kitenge kimoja, maua yaleyale, hata pindo nimeshona mwenyewe. “Basi mama,” akasema, “ni ya pacha wako.” Watu wakacheka, hata wale wasiosikia Kiswahili.

Odile akalia. “Kambo, tutaingia kwa wakwe na nini?”

“Na hii.” Mle chini ndani ya bidoni ilibaki kama robo kikombe. Nikaihamishia chupa, nikalegeza kifuniko, nikakaa nayo kwenye sitaha siku tatu, katikati ya magoti, nafukuza nzi, nakula palepale, wazungu wanapiga picha viboko, kisha wananipiga minye. Wapige. Sikusimama, isipokuwa kwenda choo, na choo tulienda wote wawili.

Kufika Mbandaka, baba mukwe akaleta glasi kubwa. Nikamimina, ikafunika kitako cha glasi tu.

“Mama, Katanga munakunywaka kidogo hivi?”

Odile akaniminya mkono. Uongo nilikuwa nao tayari, ningesema watu wa ndeke walitunyang’anya. Nikasema, “Ilikuwa bidoni nzima, mukwe. Nilikaza kifuniko kwa kichwa ngumu, ikapasuka, kapiteni akaioga, na minye nikaikana mbele ya watu. Hii ndiyo niliyookoa.”

Mzee akainua glasi. Akanywa, ukali ukamfunga jicho moja, akampa mke wake glasi, ikazunguka mpaka kwa shangazi wa mwisho, kila mmoja akilowesha mdomo tu. Kisha akagonga kiti kilichokuwa kati yake na mkewe. “Odile, kuya ukae hapa.”

Safari ingine nitabeba mizizi mikavu, nipike hukohuko. Na ikipasuka tena kitu, popote, mkono wa kwanza kunyooka utakuwa wangu.