Samaki wa Dimbwi la Luhende

Siku ya kwanza kazini niliripoti Ivuna nimevaa buti za mpira hadi magotini, wavu begani, na maji hayakuwepo. Kilikuwa kiangazi. Mbele yangu palikuwa na uwanda wa udongo mweusi uliopasukapasuka, na ng'ombe wa Mzee Luhende, mfugaji Msukuma aliyehamia bonde la Momba na jamaa yake yote, walikuwa wanakatiza katikati. Mimi ni Mnyiha wa Vwawa, nimekulia kwenye kahawa na baridi. Nilijifuta jasho, nikamuuliza mkubwa wangu, Afisa Uvuvi wa Wilaya, samaki wenyewe wako wapi.

"Umesimama juu yao, bibi samaki," alisema. Ndilo likawa jina langu hadi nilipostaafu.

Nyinyi vijana mnaosoma, sijapata kumsikia mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Dimbwi lile lilijaa wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi. Samaki wake walikuwa wafupi kuliko kidole, dume mwenye mkia mwekundu, jike rangi ya tope. Mvua ikianza wanaanguliwa, wanakua mbiombio, wanataga topeni, kisha maji yanakauka nao wanakufa wote, wakubwa kwa wadogo. Mayai hubaki ndani ya tope kavu, uhai wake umesimama, yakingoja mvua nyingine. Hata kwato za ng'ombe zina kazi, maana hushindilia udongo ili maji yasinywee upesi.

"Tena hayaanguliwi yote kwa mvua moja," akaongeza. "Mengine hukataa. Mvua ya kwanza ni mwongo."

Kazi niliyotumwa ilikuwa kuhimiza watu wachimbe mabwawa ya perege, lakini wale wadogo niliwapenda mno. Kila mvua nilitafuta kisingizio cha kwenda kuwachungulia. Kipindi cha kupunguza wafanyakazi panga lilinikosa, nikahamishiwa Mbangala, kisha nikarudishwa Ivuna. Nikakuta dimbwi langu limepangiwa kuchimbwa lambo la kunyweshea mifugo. Tope lote lingezolewa, maji yangekaa mwaka mzima, kambale wangeingia, na mayai yanayohitaji kukauka yasingepata nafasi hiyo tena. Ungekuwa mwisho wao.

Nilimwendea Luhende, maana lambo lilikuwa la ng'ombe wake, nimefura.

"Baba, mle mna samaki."

"Mayu," akanijibu, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "ng'ombe wanakwisha kwa kiu, wewe unaniletea habari za samaki asiyejaza kijiko?"

Nyuma ya boma ngozi za ndama zilikuwa zimewambwa, bado mbichi. Nikageuka nikarudi ofisini.

Mkubwa wangu ndiye aliyeamua. "Ng'ombe wanywe," alisema. "Wewe hamisha tope."

Tulipata bonde dogo ng'ambo ya boma, lenye udongo uleule, linalojaa na kukauka. Luhende alicheka hadi akajishika mbavu, lakini mkokoteni na maksai alinipa. Tukasomba tope la juu kwa viroba tukalitandaza kule. Mtaani wakaanza kuniita mganga.

Mvua ikanyesha, bonde likajaa, nikaona visamaki kama nyuzi vikichezacheza. Nilichinja kuku siku ile. Halafu jua likarudi, likawaka mpaka maji yakaisha kabla havijakomaa, havijataga hata yai. Nililia pale ukingoni bila haya. Luhende hakucheka.

"Pole, mayu. Hata mtama wangu umedanganywa."

Nilipanda kwenda Vwawa kufanya kazi za ofisini, na neno samaki sikutaka kulisikia. Maneno ya mkubwa niliyakumbuka, ila moyo ukishavunjika hausikii mafundisho. Mvua kubwa zikaja. Baada ya wiki kadhaa Luhende akatokea mlangoni pa ofisi, tope magotini, ameshika chupa ya mafuta ya kula iliyojaa maji.

"Mayu, si huyu?"

Ndani alikuwa dume, mkia mwekundu, ametanua mapezi kwa hasira. Alitoka kwenye yale mayai yaliyokataa! Nilimkumbatia mzee wa watu mbele ya ofisi nzima, naye akabaki ameduwaa, ameinua chupa juu isimwagike.

Kazi zangu nyingi zimesahaulika. Mabwawa ya perege niliyoyahangaikia yamekuwa bustani za mchicha. Nilistaafu kiangazi, na kabla ya kukabidhi ofisi nilimpeleka afisa mpya Ivuna. Alisimama katikati ya bonde kavu, viatu vinang'aa, akaniuliza samaki wako wapi. Nilifungua mdomo, lakini Luhende, sasa mtu wa mkongojo, aliniwahi.

"Sogea, bwana," alifoka. "Unawakanyaga samaki wa mayu."

Nyuma yake ng'ombe wake walikuwa wanapita palepale, kundi zima. Sikumsahihisha.