Straton, Aliyekata Migomba kwa Ajili ya Ua

Mwaka wa 1955, kiangazi kilipoanza, Straton wa Nyamitaba alichukua panga akakata migomba kumi na minne aliyoiacha marehemu baba yake. Mitano kati yake ilikuwa na mikungu mibichi. Kwa watu wetu wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Mtu aliyekata migomba mibichi ya ukoo alikuwa ama ametangaza uadui, ama amerukwa na akili. Straton hakuwa na adui. Basi watu wakachagua la pili, na wachache wanaomkumbuka bado wanamwita mwenda wazimu. Mimi nilikuwa jirani yake, mfereji mmoja tu ukitenganisha mashamba yetu, na ninaandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisimulia wasichokijua.

Straton alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, juu ya kilima. Alilima kabichi na karoti, alifyeka nyasi, alichota maji. Lakini kando ya ukuta wa mawe, mahali jua lilipokaa tangu asubuhi hadi alasiri, palikuwa na tuta moja ambalo mkono wake haukuruhusiwa kuligusa. Hapo Madame, mke wa mzungu, alipanda mwenyewe maua aliyoyaleta kutoka kwao. Aliyaita irisi. Yalikuwa meupe, majani yake kama mapanga membamba, na katika kila ua petali tatu zilisimama na tatu zikainama. Juu ya zile zilizoinama palikuwa na nywele za manjano, kama ndevu. Watu wa kilimani waliyaita ndevu za padri, kwa kuwa mapadri wote wa misioni walikuwa na ndevu, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku ya Kupaa Bwana, mwaka wa 1949, Madame alikata matatu akayapeleka kanisani. Drocella, mke wa Straton, aliyaona altareni. Tulirudi pamoja njia moja, mimi nikiwa nyuma yao, nikasikia kila neno.

"Papa Mukashema," alisema, kwa kuwa mtoto wao wa kwanza aliitwa Mukashema, "ile maua meupe ya ndevu, njo ile unalindaka?"

"Iko ya Madame. Miye ninachota maji tu."

"Basi uniletee moja. Niweke mu nyumba."

"Haikatwake. Anaijua yote, kama vile weye unajua batoto yako."

"Hata yenye inaanguka?"

"Hata yenye inaanguka."

Drocella akacheka mpaka akashika mti wa kando ya njia. "Kumbe niliolewa na askari ya maua!"

Straton hakuleta hata jani. Ndivyo tulivyokuwa: ukikabidhiwa kitu cha mtu, ulikilinda hata kama mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari. Leo mtu hupewa ufunguo wa ghala asubuhi, na jioni ghala halina mlango.

Oktoba ya mwaka wa 1951 Drocella alishikwa na uchungu wa kuzaa. Siku ya pili tulimlaza kwenye kipoyi, kitanda cha miti cha kubebea mgonjwa, tukashika njia ya hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Hakuna aliyeitwa. Wanaume waliacha majembe yao ardhini, wakaja wakashika miti, wakapokezana mabegani mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nyuma, upande wa kushoto. Straton alitembea kando, ameshika kifundo cha mguu wa mke wake. Hatujaanza kuona ziwa alipotuambia tusimame. Tulisimama. Kisha tukageuza kipoyi, tukarudi nyumbani.

Tulimzika nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, na kichanga chake pembeni yake. Desturi ilikuwa hiyo. Maiti hakutupwa mbali na watu. Alilala kivulini, mahali familia ilipopata chakula chake na kasiksi, pombe yake ya ndizi, na aliyekwenda kukata mkungu alipita akamsalimu. Siku hizi wafu wanapelekwa kwenye uwanja wenye ukuta wa simenti, na aliyefiwa anakodi vipaza sauti ili kilio kisikike. Vikinyamaza, hakuna anayekumbuka kaburi ni la ngapi.

Tangu siku ile Straton alikuwa na haja moja tu. Alitaka ua moja jeupe lifunguke juu ya kaburi la Drocella. Si la kukatwa kwa Madame na kuletwa likiwa limekufa. Lake, lenye mzizi, lililoota pale.

Mwaka uliofuata maua ya Madame yalisongamana, akayang'oa ili ayapunguze. Vipande vizee vya mizizi alivitupa kwenye takataka. Straton aliviomba, akapewa, akavileta nyumbani ndani ya kofia yake. Alivipanda juu ya kaburi kama mimi ningevipanda, na kama kila mtu wa Nyamitaba angevipanda: alichimba shimo refu, akafukia, akarundika udongo juu kama tunavyofanya kwa mateke, magimbi yetu, akafunika kwa majani makavu ya mgomba ili unyevu usitoke. Mikono yetu ilijua mizizi inayoliwa tu. Kila asubuhi alimwagilia kabla ya kwenda kazini. Baada ya mwezi kaburi lilianza kunuka. Alifukua vile vipande, akakuta vimeoza vikawa uji.

Alijaribu tena na vipande vilivyobaki. Safari hii aliongeza mbolea ya ng'ombe, akidhani mizizi ilikuwa na njaa. Ikaoza upesi zaidi.

Wakati huo Madame alikuwa amehamia kwenye nyumba yao ya pili karibu na ziwa, si mbali na Kirotshe. Straton aliomba ruhusa ya siku mbili kwa mzungu wake kilimani, akashuka kwa miguu kwa njia ileile tuliyopita na kipoyi. Aliniambia baadaye kwamba alipofika mahali tulipogeuka, alikimbia. Madame alimsikiliza, kisha akapiga makofi kwa mshangao.

"Straton! Wewe nafukia yeye? Yeye hapana kiazi! Hapana kabisa!"

Akamvuta mkono mpaka kwenye tuta lake jipya, akamwonyesha. Mizizi ilikuwa imelala juu ya udongo, migongo ya kahawia nje, kama mijusi juu ya jiwe.

"Tazama. Mugongo yake nataka jua. Maji mingi naua yeye. Kivuli naua yeye pole pole." Akamfungia vipande vinne ndani ya gazeti, akauliza: "Wewe naweka yeye wapi?"

"Kwa jua, Madame."

Miaka yote aliyomtumikia hakuwa amemdanganya. Ule ulikuwa uongo wa kwanza.

Akavipanda migongo ikiwa nje, bila majani makavu, bila mbolea. Havikuoza. Majani yalitoka, yakasimama vizuri, ya kijani kibichi, na watu wakampongeza. Mwaka ukapita, majani. Ukapita mwingine, majani. Asubuhi moja nilimkuta amesimama kaburini ameinua uso. Nami nikaangalia juu. Majani ya migomba yalikuwa yamekutana juu yetu kama paa. Pale chini jua halikufika hata saa sita ya mchana.

Nilijua anachowaza, nikajaribu kumzuia.

"Straton, hamisha ile maua. Mbele ya nyumba jua iko mingi."

"Mbele ya nyumba, nani ataiona?"

"Sisi wote."

"Ninyi munaonaka mambo mingi," alisema. "Yeye iko huku."

Siku ya tatu nilisikia panga.

Kaka yake mkubwa, Mbonigaba, alifika kabla mgomba wa mwisho haujaanguka. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde hadi bonde.

"Straton! Nani alikukosea? Sema, nani?"

"Hakuna, kaka."

"Hakuna muntu, na unakata ndizi ya baba? Na mikungu juu yake? Baba alipanda hii mbele weye uzaliwe!"

"Ninajua."

"Basi sababu ya nini?"

"Kivuli."

"Kivuli!" Mbonigaba akatugeukia sisi tuliokuwa tumekusanyika. "Mulisikia? Muntu mwenye akili anatafutaka kivuli. Huyu ndugu yangu anaikata!"

Wengine walicheka. Straton alifuta panga kwenye nyasi, akaanza kuvuta majani yaliyoangukia kaburi.

Wazee wa ukoo walikaa kumhukumu. Kwa desturi, aliyekosa aliwaletea ndugu zake mtungi wa kasiksi, wakanywa kwa mirija pamoja, maneno yakaisha. Lakini Straton alikuwa ametoka kukata migomba ambayo ingempa kasiksi hiyo, na hakuna aliyekubali kumkopesha mkungu. Wakasema basi asiguse migomba iliyobaki, asipewe kitoto cha mgomba cha kupanda, asiitwe penye mtungi. Mwaka mzima alikula viazi vitamu na maharagwe. Ndugu zake walipokaa kunywa, yeye alipita njia na jembe begani, akasalimu, wakamwitikia, akaendelea. Nilimwona mara nyingi. Hakuna aliyemtukana. Siku hizi wangemchomea nyumba. Sisi tulimwacha bila mrija, na labda hilo liliuma zaidi.

Juni ya mwaka wa 1956 aliniita akiwa upande wa pili wa mfereji. Katikati ya majani palikuwa na bua moja limesimama, na juu yake kitu kilichokunjwa kama karatasi iliyolowa. Hakwenda kazini siku hiyo wala iliyofuata. Jumanne ua lilifunguka. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi kwa Madame, lakini pale, juu ya ule udongo mweusi, weupe wake ulinifanya nivue kofia.

Habari hazikawii kilimani. Siku ya pili Mbonigaba alikuja peke yake, bila kuita kwa mbali kama kawaida yake. Alisimama kwanza kwenye visiki vya migomba. Kisha akasogea.

"Njo hii?"

"Njo hii, kaka."

Mbonigaba akachuchumaa. Alilitazama kwa muda mrefu, mbele, kisha upande. "Iko na ndevu kuliko miye," alisema taratibu.

Hatukucheka. Aliketi chini, na sisi tukaketi. Alasiri ikafika. Kivuli cha migomba iliyobaki kilitambaa polepole kuja kaburini, na Mbonigaba alikifuata kwa macho. Kilipofika miguuni pa kaburi aliinuka, akavunja kijiti, akakichoma ardhini nyuma kabisa, hatua nyingi kutoka pale.

"Kesho nitakuletea batoto ya ndizi," alisema. "Ni miye nitajibu bazee. Lakini usipande mbele ya hii kijiti. Ikikuwa mirefu, kivuli yake isifike kwake."

"Aksanti, kaka."

"Sasa roho yako imetulia?"

Straton aliangalia ua. Petali moja ilikuwa imeanza kujikunja ukingoni.

"Hapana," alisema. "Niliwaza ikifunguka nitatulia. Sasa njo ninataka aione."

Mbonigaba alikwenda mpaka kwenye kijiti chake, akapiga magoti, akaanza kuchimba shimo la kwanza la migomba kwa mikono, ingawa jembe lilikuwa pale karibu, limeegemezwa ukutani.