Gemu ya Mzee wa Taa: utamu wake, ubovu wake, na mama mkwe aliyenivusha mnara

Wakuu, salamu kutoka Suna, Migori.

Haya ninayoandika nimeyapitia mwenyewe. Mke wangu Akinyi amekaa hapa kando anasoma kila mstari, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitakatwa mkono. Vuteni viti. Bado nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi.

Kuna gemu moja ya kitambo, ya zile za kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, unatafuta funguo, unafungua milango. Inachezwa kwa ile console ya kijivu ambayo wengi wenu mlikua nayo. Diski yenyewe ni ya kuchoma, nakala ya mtaani. Maandishi yote ni ya Kijapani, na jina lake hakuna anayelijua. Nyumbani kwa kina Akinyi, huko Homa Bay, waliibatiza "Mzee wa Taa."

Unacheza kama mzee mfupi aliyebeba taa mgongoni. Hana bunduki wala upanga. Anatembea, anaruka, anapanda, na hiyo taa anaipeleka mahali.

Wapi? Hapo ndipo kila mtu alikwama.

Akinyi na ndugu zake waliicheza utoto wao wote na hakuna aliyemaliza. Na wakati wote huo mama yao alikuwa jikoni akipika, anasikia tu hatua za huyo mzee zikitoka sebuleni. Gemu hana haja nayo, lakini hilo swali lilimkaa kichwani. Miaka yote hiyo Akinyi akipiga simu nyumbani, wakimaliza habari za kuku na za kanisa, mama aliweza kuuliza ghafla, "Na yule mzee wenu, hiyo taa alikuwa anapeleka wapi?"

Sasa majuzi tulienda kusalimia.

Kwa wasiojua desturi yetu: kwa Wajaluo, mkwe na mama mkwe hawakai hivi hivi chumba kimoja wakipiga stori. Mimi nilikuwa sebuleni, yeye jikoni, pazia katikati. Salamu zinapita kwa Akinyi. Wala si chuki, ni heshima, na mimi naipenda. Na kulala pale, sahau kabisa. Giza likiingia, mkwe awe njiani kurudi kwake.

Baada ya kula samaki na kuon (ugali wetu huo, na ulikuwa mgumu vizuri), Akinyi akaingia chumbani akatoka na sanduku lake la chuma la shule. Ndani, console! Memory card bado imechomekwa!

Wakuu, nilisimama.

Diski ilikuwa imekwaruzwa kama sahani iliyosuguliwa na mchanga. Tukaweka, ikakataa. Tukapangusa na fulana, ikakataa. Tukafanya ile dawa ya enzi zetu, tukageuza console kichwa chini. Ikalia krr krr krr, halafu muziki ukaanza.

Akinyi akasema, "Hii ikizima leo hairudi. Sikia vile inalia."

Kutoka jikoni sauti ikauliza, "Ni yule mzee?"

"Ni yeye, mama."

"Basi leo mfike. Nimechoka kungoja."

Save ya zamani ya Akinyi ilikuwa mlangoni pa mnara wa mwisho. Nikashika padi ya kuchezea. Hapo sasa niwape tathmini yangu ya haki, kwa sababu nimesikia watu wakisifu gemu za zamani kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni.

Kuruka kwake ni raha tupu. Ukibonyeza, mzee anaruka saa hiyo hiyo, hakuna kuchelewa, na unaweza kumrudisha nyuma akiwa hewani. Gemu nyingi za siku hizi zenye graphics za kung'aa hazina hiyo. Rangi ni chache lakini kila mahali panajulikana ni wapi. Taa ikipita, kuta zinawaka njano kidogo, na nyuma yako giza linarudi. Na sauti! Kila jiwe lina mlio wake. Aliyetengeneza sauti za hii gemu apewe ng'ombe.

Lakini kamera, jamani, kamera. Kamera ya hii gemu ina roho mbaya. Ukiwa kwenye mnara inajificha nyuma ya nguzo, unaona nguzo tu, mzee humuoni. Unaruka kwa imani. Mawe nayo yanaanguka chini ukichelewa, na yanateleza ukiwahi. Halafu ndani ya mnara hakuna pa kusave. Ukianguka, unaanza chini kabisa. Huo si ugumu, huo ni uonevu, na yeyote anayeutetea nitakutana naye kwenye comments.

Nilianguka. Nikaanguka tena. Jua nalo likaanza kuelekea upande wa ziwa, na gari la kurudi Migori halingoji mtu. Diski inalia krr. Akinyi amekunja miguu kwenye kochi anauma kucha.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Akinyi, mwambie bwanako awache kuangalia. Asikize. Ile mawe inagonga, inagonga, halafu inanyamaza. Ikinyamaza ndio anaruka."

Akinyi akageuka. "Mama, umejuaje?"

"Si nimepika kwa hii jikoni nikisikia nyinyi mkianguka? Mnaruka ikiwa bado inagonga. Niliwaambia, mkasema mama nyamaza, hii ni gem."

Nikafumba macho, wallahi. Tok, tok, tok. Kimya. Nikabonyeza.

Mzee akatua.

Nilipiga kelele nikasahau niko kwa wakwe. Jiwe la pili, tok tok, kimya, ruka. Akatua! Kamera inaangalia nguzo, mimi sina habari nayo. Tunapanda!

Tatizo likaja juu zaidi, ambapo mawe yanagonga kwa kasi na mengine yanagonga pamoja. Mimi nilichanganyikiwa, lakini mama alikuwa anayatenganisha kama mtu anayejua sauti za watoto wake. Ila desturi ni desturi, hawezi kuniamrisha mimi moja kwa moja. Kwa hivyo ikawa hivi: mama anamwambia Akinyi, "Mwambie aruke." Akinyi ananiambia mimi, "Mama anasema uruke." Mimi naruka.

Ujumbe ukifika jiwe limeshaondoka.

Tuliporomoka kutoka karibu na kilele mpaka chini kabisa. Akinyi akajifunika uso na mto. Mimi nikaangalia dirishani, nikaona vivuli vya migomba vimefika ukutani. Palikuwa na muda wa kupanda mara moja tu, kama upo.

Nikaanza upya. Mawe ya chini nikayapita mwenyewe. Tulipofika pale penye vurugu nikasikia pazia likisogea kidogo, na sauti, sasa iko karibu, haisemi na Akinyi tena.

"Rit," akaniambia. Ngoja. "Rit... rit... Sani!"

Sasa! Nikaruka. Akatua.

"Rit... Sani! Sani tena, mbili! Rit, ja-Suna, usiharakishe, hiyo inadanganya... Sani!"

Ja-Suna ni mimi, mtu wa Suna, na wakuu, tangu nioe, mama mkwe hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo. Na yote yalikuwa amri, na nilizitii zote! Jasho linatiririka, padi inateleza, Akinyi amesimama juu ya kochi. Jiwe la mwisho, mruko wa mwisho, na mzee akashika ukingo kwa vidole, akajivuta.

Tukafika juu.

Muziki ukabadilika, ukawa laini. Mbele kuna mlango mkubwa, unafunguka polepole, mwanga unaingia kidogo kidogo. Mzee anashusha taa kutoka mgongoni, mara ya kwanza tangu gemu ianze.

Nikatazama kando. Chini ya pazia niliona vidole vya miguu vya mama mkwe. Alikuwa amefika mpaka hapo, na hapo ndipo alipoishia. Hawezi kuingia, mimi niko ndani. Console inalia krr krr kwa namna ambayo niliijua. Hakuna save. Hiki kitu kitaonekana mara moja tu.

Sikufikiria sana. Nikampa Akinyi padi, nikamwambia, "Mwite mama."

Nikatoka nje kwa mlango wa mbele, nikaufunga.

Nilisimama kando ya tangi la maji na kuku wa mama mkwe. Nikasikia pazia likivutwa na slipa zikikimbia. Halafu muziki. Halafu hatua za mzee, pole pole, tok, tok, tok. Halafu kimya.

Nikangoja.

Mama akapiga vigelegele. Vigelegele vya harusi, wakuu! Akinyi analia na kucheka kwa pamoja, na jirani akatokea kwenye ua kuuliza kama kuna mgeni amefika. Mimi niko nje narukaruka na kuku kama mwendawazimu, na sijui hata tunashangilia nini.

Kisha console ikalia krrrr, ikanyamaza. Tumejaribu kuiamsha hiyo diski tangu siku hiyo, kichwa chini, ubavuni, kila namna. Imekwisha.

Nilipokuwa natoka langoni, dirisha la jikoni likafunguka. Mama mkwe hakumtuma mtu.

"Ja-Suna," akasema. "Ero kamano." Asante.

Nilichojifunza? Gemu nzuri inaweza kuwa na kamera mbovu na bado ikawa nzuri. Na ukikwama, nyamaza usikilize walioko jikoni.

Mkinitukana kuhusu kamera, sawa, leteni. Mwenye kumbukumbu za hii gemu, shusha hapa tusome.

Akinyi amejaribu kuniambia mwisho mara kadhaa, nimemkatalia. Nataka kuuona kwa macho yangu. Kwa hivyo mwenye analijua jina lake, hata kwa Kijapani, naomba jina tu, nitafute diski nyingine.

Taa ilifika wapi, tafadhali, hapo nyamaza.