Nani Anasogeza Vitufe vya Masikio?

Saa mbili asubuhi, Masikio anafungua studio, na kabla hajavua hata koti anainamia meza ya mitambo. Kila jioni huweka alama ya penseli pembeni ya kila kitufe. Leo tena vitatu vimesogea.

"Ona mwenyewe," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya, kana kwamba hata kuta hana imani nazo. "Mtu kaingia humu. Na funguo ni mbili tu: wangu na wa mke wangu."

Amerekodi waimbaji kwa miaka thelathini na moja. Jina la Masikio alipewa na wanamuziki, maana hakuna kosa lililompita. Sasa anamalizia albamu ya jazi ya mkewe: nyimbo tisa za taratibu, za huzuni, za mtu aliyekosa usingizi. Jirani yao anapiga gitaa la besi.

Huyo jirani ndiye anayemkosesha raha. "Nikiingia, wanakatiza maneno. Halafu nyimbo zote za kuagana! Anaagana na nani, na mimi nipo?"

Jioni hiyo anaaga kwamba anakwenda kulala. Wapi! Anazunguka hadi mlango wa nyuma wa studio, mwandishi nyuma yake, na kuchungulia.

Wamo, wote wawili, bega kwa bega. Wameinamia mitambo yake, wanapunguza sauti nyembamba.

"Mama watoto, nimekukosea nini?" anafoka.

Mkewe anashtuka, kisha anashusha pumzi. "Baba, kila 's' yangu unaipandisha mpaka inachoma kama sindano. Huisikii. Tangu mwaka jana huisikii. Ningekwambiaje, wewe?"

Masikio anakaa chini. Jirani anajifanya anakunja nyaya.

"Na hizo nyimbo za kuagana?" anauliza hatimaye.

"Nilizitunga uzisikie ungali unasikia."

Wiki iliyofuata daktari alithibitisha: sikio la kulia limepoteza zaidi ya nusu ya usikivu wake, na la kushoto limeanza kuupoteza. "Nililia, sikufichi," anasema Masikio. "Haya ndiyo maisha yangu yote."

Lakini wimbo wa tisa ameapa kuumaliza mwenyewe. Mkewe atamwekea mkono begani, na kila 's' ikichoma, atamfinya.

Na mpiga besi je?

Masikio anamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. "Huyo akae kushoto kwangu," anasema. "Huko bado nasikia."